Theluji Ina Mwenyewe

Suwałki, 3 Desemba 1995

Hipolit mdogo wangu,

Nakusalimu, na kama huko Athene kuna jua kama unavyojigamba, lisalimie pia, maana sisi huku tumeshaisahau sura yake. Mimi mzima. Goti la kushoto linanisumbua, la kulia linalisaidia. Uyoga wa Krismasi nimeshaukausha. Honorata, jirani yetu wa nyumba ya pili, amemwoza binti yake kwa fundi wa reli, na tangu siku hiyo analia. Sijui analilia mtoto au nguruwe wawili walioliwa harusini.

Sasa neno lililonifanya nitafute kalamu. Theluji imeanza mapema mwaka huu na haijapumzika. Mzee Witold aliyekuwa akitufagilia njia amehamia kwa binti yake, na ameondoka na beleshi, kwa kuwa lilikuwa lake. Njia ya mbele ya nyumba yako haipitiki. Nasema nyumba yako kwa sababu ndiyo yako. Mimi nina vyumba vyangu viwili vya juu, nikae mpaka nife, kama Baba alivyoandika katika wosia.

Wapangaji wako wa chini wamepanda kuniuliza nani atazoa. Bwana Drobek, yule karani mstaafu wa mahakama, alivaa tai kuja kuuliza. Mama Kulesza, mkunga, aliuliza bila tai, na kwa maneno ambayo siyaandiki. Yeye huitwa usiku na mchana kuzalisha, hawezi kungoja mpaka njia ijisafishe.

Niwajibu nini? Tafuta mtu, au niambie nimtafute mimi, alipwe kwa kodi yao.

Dada yako,
Leokadia


Athene, 19 Desemba 1995

Dada Leokadia, shikamoo.

Barua yako nimeipata kwa dereva wa basi la Warszawa, imekunjwa na inanuka soseji. Nimefurahi kusikia habari za magoti yote mawili. Mimi sijambo kabisa. Kazi inakwenda vizuri. Bado ni msimamizi wa jengo la ghorofa tano, na Bibi Evanthia, mwenye jengo, hawezi kufanya lolote bila mimi. Nakutumia kifurushi cha machungwa ya huku, yanaota mpaka barabarani. Krismasi njema.

Kuhusu theluji. Dada, theluji si mali yangu. Sikuinunua, sikuiagiza. Baba aliniachia nyumba, hakuniachia mawingu. Anayetaka kupita ndiye azoe. Wapangaji wangu wana mikono minne kwa jumla, na mmoja wao amestaafu, hana la kufanya. Wakikataa, wangoje Aprili. Aprili huzoa bure.

Kodi yao iache benki, usiiguse. Nina mipango nayo.

Na barua hii usiwasomee.

Hipolit


Suwałki, 8 Januari 1996

Hipolit,

Marahaba. Machungwa yako yamefika yakiwa magumu kama mawe. Nikayaweka juu ya jiko yakalainika, nikawagawia watu. Mama Kulesza aliuma moja, akafumba jicho, akasema amezalisha wanawake wengi na hajawahi kuona uchungu kama ule. Wewe, hayo machungwa unayanunua au unayaokota?

Mkesha wa Krismasi niliweka sahani ya ziada mezani, ya mgeni asiyetarajiwa, kama Mama alivyokuwa akiweka. Sitasema nilikuwa namfikiria nani. Nilipoketi tu mlango ukagongwa. Alikuwa Bwana Drobek, amekuja kuomba chumvi ya kumwaga kwenye barafu. Nikamkalisha, akala kambare wote.

Padri naye alikuja kubariki nyumba kama kila mwaka. Alipofika langoni kwako miguu ikamtangulia. Akapita lango letu akiteleza, mkono mmoja umeshika kofia, mwingine maji ya baraka, hakusimama mpaka mlangoni kwa Honorata. Basi, kwa kuwa ameshafika, akaanzia huko. Sasa Honorata anatembea mtaa mzima akisema Mungu mwenyewe amechagua.

Halafu wakaja mgambo wawili wa manispaa.

"Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Ugiriki," nikasema.

"Ana akili," akasema mmoja. "Lakini faini inajua njia."

Wameibandika mlangoni. Bwana Drobek amenisomea sheria ya mji neno kwa neno: njia inayopakana na kiwanja ni ya mwenye kiwanja kuisafisha. Theluji, barafu, hata ile mikuki ya barafu inayoning'inia kwenye paa. Mpangaji hadaiwi hata kijiko, mpaka mkataba wake useme hivyo. Na mkataba ulioandika wewe hausemi lolote ila kwamba ni marufuku kufuga njiwa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, mawingu si yako, lakini yakishaanguka ni yako. Fanya kitu.

Leokadia


Athene, 24 Januari 1996

Dada, shikamoo.

Nimesoma barua yako mara mbili na mara zote mbili nimekasirika. Namshukuru Mungu mna afya ya kuniandama. Huku tumepata mvua, bomba limepasuka, nimelala na viatu.

Huyo Drobek alikuwa karani, si hakimu. Mwambie asome sheria taratibu, atumie muda huo kuzoa. Tena mnazoa vibaya, ndiyo maana mnaona kazi. Barafu haipigwi kwa bapa la beleshi. Inapasuliwa kwa ncha, kisha ndiyo inainuliwa. Ngazi huanzwa juu kushuka, ukianza chini utafagia mara mbili. Ukishamaliza mwagia maranda yaliyoloweshwa kidogo, makavu yanaruka tu. Na ufagio uwe wa nyuzi ngumu, ule laini unasukuma uchafu kutoka hapa kwenda pale. Tena ufanye kabla watu hawajaamka, maana wapangaji wote ni sawa duniani: usipofagia wanalalamika, ukifagia wanalalamika kelele.

Faini sitailipa. Na wewe, dada yangu wa damu, badala ya kunitetea umekaa upande wao. Au ni kwa sababu ya ile nyumba? Kama ni hiyo, sema.

Machungwa nilipewa.

Hipolit


Suwałki, 11 Februari 1996

Bwana Hipolit,

Anayeandika ni Drobek, mpangaji wako wa chini. Mkono ni wangu, maneno ni ya dada yako. Nimekuwa karani miaka mingi na nimezoea kuandika linalosemwa, lote. Amekaa mbele yangu, ameegemea mto. Anaanza.

Mdogo wangu, salaam. Mimi mzima. — Mbona kalamu imesimama? Andika: mzima. — Mkono wangu nimeupumzisha kidogo, ndiyo maana Bwana Drobek ananisaidia. Honorata ana mafua. Anasema ya mwaka huu ni makali kuliko ya watu wengine.

Barua yako uliyosema nisiwasomee wapangaji nimewasomea. Zote mbili. Waliangaliana, nikajua kuna jambo. Jumapili baada ya misa nikaona kutoka dirishani Bwana Drobek na Mama Kulesza wanazoa theluji ya mbele ya nyumba, wanazoa kwa bidii, na wapita njia wanawasaidia. Nikasema Mungu amesikia. Kumbe hawaitupi. Wanairundika katikati ya njia, wanakujenga wewe.

Umekaa, Hipolit. Umelala chali kwenye kiti cha ufukweni, mikono nyuma ya kichwa, tumbo juu, miwani ya jua ya kadibodi. — Drobek, kwa nini unacheka? — (Nacheka kwa sababu tumbo nilitengeneza mimi. Uso ni wa Mama Kulesza. Alisema uso wa mtu anayekataa kutoka ameuona mara nyingi kazini.) Na pua, mdogo wangu, ni ile ya Baba. Nilipoiona ilinibidi nishike pazia.

Watu wanatoka mitaa ya mbali kukuona. Wanasimama, wanavua kofia: "Shikamoo mwenye nyumba! Jua la huko linakutosha?" "Mzee, kodi tuiweke mfukoni au tukuwekee tumboni?" Mwalimu amekuja na darasa zima. Mgambo nao wakaja, wakaandika faini ya pili, kwamba mwenye nyumba ameziba njia. Bwana Drobek akawaambia: "Mwezi uliopita mlilalamika hayupo. Leo yupo, mnalalamika amekaa." Wakacheka, lakini faini wakaiacha.

Sasa jambo lenyewe. Theluji ilipozolewa, barafu ya chini ikabaki wazi kama kioo. Mama Kulesza akaanguka, akavunjika mkono.

"Hilo siandiki," nimemwambia mimi, Drobek.

"Andika."

"Bi Leokadia, Mama Kulesza yuko chini anakanda unga. Kwa mikono miwili. Namsikia."

"Basi andika mtu. Mtu ameanguka."

Nimeandika: mtu ameanguka. "Mtu gani?" nimemuuliza, maana karani lazima aulize.

"Mtu tu. Mpita njia."

"Wa umri gani huyo mpita njia?"

"Drobek, ukiendelea nitakupandishia kodi!"

"Kodi hupandisha mwenye nyumba."

Hapo amegeukia dirishani, na mimi naitumia nafasi hii.

Bwana Hipolit, aliyeanguka ni yeye. Mkono wa kulia, juu kidogo ya kiganja, mifupa yote miwili. Umefungwa plasta nzito mpaka kiwiko. Hospitali walimuuliza ameangukia wapi, akasema jikoni kwake, kwa sababu alisikia kwamba akisema njiani watauliza njia ya nani. Mama Kulesza ndiye anayemvisha na kumchana nywele. Nasi wawili ndio tuliosababisha, na sanamu yetu, na hatulali vizuri.

Alikuwa ametoka na skafu mkononi. Alisema hakuweza kuvumilia kukuona umekaa nje siku ya tatu bila kitu shingoni.

"Umeandika nini hapo, mbona kirefu?"

"Salamu," nimesema.

"Basi malizia. Mwambie ajifunike vizuri usiku. Mwambie huku hakuna neno."

Huku hakuna neno.

Kwa mkono wa F. Drobek


Athene, 20 Februari 1996

Dada, shikamoo.

Nampa dereva barua hii kupitia dirishani, basi likiwa limeshawashwa. Unaumwa sana? Unalalaje? Unakulaje? Kwa nini hukuniambia? Kwa nini ulitoka na viatu vile vya soli ya ngozi, najua ni vile, usibishe!

Ningepanda basi hili hili. Lakini Bibi Evanthia anasema nikiondoka hana wa kumfagilia ngazi na njia ya mbele kabla watu hawajaamka, na kile chumba changu cha chini ya ngazi atampa mtu mwingine, nami vitu vyangu viko humo. Ngoja nipange.

Tumia kodi. Yote. Mtafute mtu wa kuzoa leo.

Mwambie Drobek abomoe hiyo sanamu. Au hapana, kama ina skafu asibomoe, asogeze tu kando. Na pua ile si ya Baba.

H.


Suwałki, 8 Machi 1996

Hipolit,

Naandika kwa mkono wa kushoto kwa kuwa Bwana Drobek nimemfukuza kazi ya ukarani. Herufi zinalala kama walevi, vumilia. Nimepona nusu. Njia inazolewa na mwana wa fundi viatu, anaimba akizoa. Umesogezwa kando, uko salama chini ya dirisha langu.

Ngazi gani, Hipolit?

Miaka yote hii unaniandikia wewe ni msimamizi wa jengo. Nami nikajiuliza, msimamizi gani anajua maranda yaloweshwe kiasi gani. Kumbe msimamizi kweli, umesimama na ufagio. Kila asubuhi unafagia njia ya Bibi Evanthia wa watu, na yako imenivunja mkono mimi. Nilicheka mpaka Mama Kulesza akapanda kuniangalia. Alipofika alinikuta sicheki tena. Chumba cha chini ya ngazi kina dirisha?

Uliniambia kama ni ile nyumba niseme. Basi nasema, kwa kuwa mkono wa kushoto hauna adabu. Baba alipolala kitandani miaka ile, mimi ndiye niliyemgeuza na kumlisha. Wosia uliposomwa, nyumba ikawa yako, ulikuwa umekaa karibu nami, bega kwa bega, na ukaangalia kofia yako magotini. Hukugeuka. Mpaka leo ningeweza kuichora ile kofia.

Haya, nimesema. Sasa usije. Nauli ni ghali na huku bado baridi. Chumba cha kaskazini kina jiko zuri na nimelisafisha, lakini usije.

Leokadia


Athene, 2 Aprili 1996

Dada yangu, shikamoo.

Natumai mkono umetoka kwenye plasta. Hapa miti imechanua mtaa mzima na mimi ndiye ninayezoa maua.

Chumba hakina dirisha. Kina mlango wenye kioo.

Nilikuja kwa mwaka mmoja, nirudi na gari. Gari halikupatikana, mwaka ukazaa mwaka. Kila nilipotaka kurudi nilimwona Honorata yuko dirishani anahesabu mizigo yangu. Ile kodi nilikuwa naiweka ili siku nikirudi nisirudi mikono mitupu. Ndiyo ilikuwa mipango, hakuna mingine.

Ile kofia naikumbuka. Nilikuwa nangoja useme neno, nami ningesema neno, lakini wewe ukainuka ukaenda kupika chai ya watu wote. Ulinipa na mimi kikombe. Nilikunywa.

Jana nimekwenda ubalozini na shati safi. Nimesaini mbele ya mtu mwenye mhuri. Nyumba ni yako, Dada, kuanzia leo, yote, chini na juu, paa lake, ua wake na njia yake ya mbele. Karatasi ziko humu ndani. Ningepaswa kufanya hivi siku ile ya chai.

Hipolit


Suwałki, 6 Mei 1996

Hipolit mdogo wangu,

Karatasi zimefika. Sikujua nifanye nini, nikaosha madirisha. Mkono uko huru lakini mvua ikitaka kunyesha unajua kabla yangu.

Nilimshushia Bwana Drobek azisome. Alivaa tai. Alisoma mara tatu, akavua miwani, akanishika mkono, ule mzima, akasema: "Hongera, Bi Leokadia. Nyumba ni yako. Na theluji pia."

Nikakaa chini.

Hipolit, umenipa nyumba au umenikimbizia theluji? Nimeliuliza swali hili sokoni, kanisani na kwa Mama Kulesza, na watu wamegawanyika. Honorata anasema ni ujanja. Mama Kulesza anasema hata kama ni ujanja, ndio wa kwanza kuusikia, mtu kutoa nyumba ili asishike beleshi. Mimi nina maoni yangu, nimeyaweka.

Nimekubali. Faini zote mbili nimelipa. Wewe wa theluji uliyeyuka taratibu. Mikono ilikwenda kwanza, tumbo likafuata, pua ikabaki mpaka wiki ya Pasaka. Nilikuwa nikiitazama asubuhi nikinywa kahawa.

Sasa nisikilize kama mwenye nyumba. Chumba cha kaskazini kiko wazi. Nimeamua kukipangisha, na mpangaji ninayemtaka ni mtu mwenye uzoefu wa ufagio. Kodi ni ndogo, hata yeye ataicheka. Kifungu cha pili cha mkataba kinasema mpangaji atazoa theluji, atapasua barafu na kuangusha mikuki ya paa, yeye peke yake, majira yote ya baridi. Bwana Drobek ameuandika vizuri, hauna pa kutokea. Alitaka kurudisha na kifungu cha njiwa, nikakataa. Fuga ukipenda.

Honorata nimeshamwambia kwamba utakuja na mzigo mmoja. Hana tena cha kuhesabu.

Saini, urudishe.

Leokadia


Suwałki, chumba cha kaskazini, 1 Desemba 1996

Kwa mwenye nyumba, Bi Leokadia.

Dada, shikamoo. Barua hii naamini itakufikia salama, maana safari yake ni kupita chini ya mlango. Naandika kwa sababu umejifungia ndani na kufungulia redio kwa sauti, na Bwana Drobek ananiambia lalamiko la mpangaji lisiloandikwa halihesabiki.

Habari za nyumbani: mimi mzima. Bibi Evanthia ameniandikia. Mfagiaji wake mpya anachelewa kuamka na ni mkali kwa wapangaji. Bibi ameninunia, lakini ametuma mafuta ya zeituni, chupa yako iko kwangu. Mama Kulesza ameitwa alfajiri kwa binti wa Honorata. Ni mapacha, na Honorata ameanza kulia upya.

Sasa jambo lenyewe. Leo nimeamka kabla ya kupambazuka. Usiku kucha ilikuwa ikianguka, niliisikia ilivyotulia. Nikavaa buti na kofia, nikashuka na furaha yangu. Njia nikaikuta imezolewa. Safi, mpaka langoni, kingo zimenyooka, majivu yamemwagwa. Juzi ilikuwa hivyo hivyo na nikadhani ni Bwana Drobek. Nimemuuliza, akasema hawezi kutoa ushahidi dhidi ya mwenye nyumba wake. Basi nikaangalia jikoni. Buti zako ziko kando ya jiko, zinachuruzika maji.

Dada, daktari alikwambia nini kuhusu huo mkono? Ulimwambia utafuata? Nilipokuuliza asubuhi ukasema ulitoka kulisha ndege. Ndege gani wanalishwa mpaka langoni!

Kifungu cha pili kiko wazi. Mpangaji, yeye peke yake, majira yote. Nimesaini mimi, umesaini wewe. Mwenye nyumba anayezoa kwa siri anavunja mkataba, na ukirudia nitakwenda kwa mgambo mwenyewe nikushitaki, tena nitavaa tai ya Drobek. Watu wameanza kunicheka. Honorata amenisimamisha langoni, akaniuliza kama ni kweli nimevuka nchi zote zile ili nije niangalie dada yangu akinifanyia kazi.

Mkono ukikuwasha kwa hamu ya kushika kitu, shika kikombe, nitakuja tunywe.

Naona imeanza tena. Niko dirishani, inashuka nene, haina upepo. Hii ni yangu. Ole wako uiguse.

Mpangaji wako,
Hipolit